Shajara ya mradi: je, sola itatulipa?

Februari, mwanzoni

Bodi imenipa kazi ya kuchunguza kama jengo la shirika liwekewe umeme wa jua. Agizo lenyewe ni mstari mmoja kwenye muhtasari wa kikao: "hesabu ya gharama na faida, iletwe kikao kijacho cha bajeti." Nafungua shajara hii ili atakayeshika mradi baada yangu aone tuliamua nini na kwa nini. Kwenye mashirika yasiyo ya faida watu huhama, na mafaili hubaki hayana wa kuyaeleza.

Tulichonacho: ofisi upande mmoja, ukumbi wa mafunzo upande wa pili, chumba cha seva, friji, pampu ya maji na jenereta la dizeli huko nyuma. Umeme wa gridi upo, ila hukatika. Na kuna mfadhili aliyekwisha kusema atachangia paneli. Hapo ndipo penye shughuli. Watu wakishasikia mfadhili yupo, anayeomba hesabu huonekana mchawi wa mradi.

Februari, mwishoni

Nimeanza na bili kabla ya kupanda juu ya paa. Nimepanga bili za mwaka mzima mezani na kuzichambua mstari kwa mstari.

Kuna tozo ya kudumu, ambayo utailipa hata usipowasha taa moja. Kuna malipo ya yuniti, yaani kilowati-saa ulizotumia. Na kwa mteja wa ukubwa wetu kuna tozo ya kilele, inayopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea, kipimo cha nguvu unayovuta kwa wakati mmoja): mita inatafuta kipindi kimoja kifupi ndani ya mwezi ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote, nawe unatozwa kwa hicho. Paneli zinapunguza yuniti. Tozo ya kudumu haziigusi. Ile ya kilele huenda zisiiguse pia, kwa sababu wingu moja zito likipita wakati pampu, viyoyozi na birika vyote vimewashwa, mita imeshaandika.

Kampuni moja iliyotutumia makadirio ilichukua bili nzima, ikaigawa kwa yuniti, ikaita jibu hilo "bei yenu ya umeme". Kwa njia hiyo akiba inavimba. Bei inayotuhusu ni ya yuniti moja ambayo hatutainunua tena, pamoja na kodi zinazoambatana nayo tu. Kwetu tofauti ya bei hizo mbili ni kubwa kiasi cha kubadili jibu.

Machi

Fundi ametufungia kifaa cha kurekodi kwenye swichi kuu, na tumekiacha hapo hadi tukapata picha ya wiki za kawaida na wiki za mafunzo.

Siku za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, jengo linavuta wastani wa kilowati 9. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni usiku na wikendi: mzigo haushuki chini ya kilowati 2, milango imefungwa na yupo mlinzi peke yake. Kilowati 2 mfululizo ni yuniti 48 kwa siku, zaidi ya 17,000 kwa mwaka, nusu ya matumizi yetu yote. Tumezunguka jengo usiku tukiwa na fundi tukiwatafuta wahusika. Kiyoyozi cha chumba cha seva ni cha zamani na kimewekwa baridi ya kugandisha samaki. Hita ya maji ya jikoni haizimwi. Taa za nje zinawaka mpaka jua limepanda.

Hapa nimesimamisha kila kitu kingine. Kuzima kinachopotea ni rahisi kuliko kununua paneli za kukilisha, na kila mzigo unaouondoa unapunguza ukubwa wa mfumo utakaohitaji. Hita imewekewa saa, taa za nje zimewekewa kihisi cha mwanga, balbu zilizobaki za zamani zinabadilishwa kuwa LED. Kiyoyozi kitasubiri bajeti, ila tumekipandisha nyuzi. Kwa makisio ya fundi, kiyoyozi kikishabadilishwa mzigo wa usiku utakuwa kilowati 1.3 na wa mchana 7.5. Hizo ndizo namba nitakazotumia kuanzia sasa. Zile za mwanzo zingetufanya tununue sola ya kupoza seva ambayo haikuhitaji ubaridi huo.

Aprili

Makadirio matatu yamefika. Moja linafunika paa lote: kilowati 30. La pili ni kilowati 12. La tatu ni 12 pamoja na betri kubwa.

Kwanza, hiyo "kilowati" ya kwenye karatasi. Paneli hupimwa maabara, mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25 za Selsiasi. Juani, seli hufika nyuzi 60 bila taabu, na paneli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12 zimekwenda, saa ileile ambayo jua linaonekana kali kuliko zote. Ongeza vumbi, nyaya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina inayotumika jengoni. Nimechukua asilimia 78 kuwa ndicho kinachobaki. Miradi mingi iliyofungwa vizuri huwa kati ya 75 na 85.

Kuhusu kiasi cha mwanga wa jua wenyewe, huna haja ya kumwamini muuzaji. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia ni bure, PVGIS ya Kamisheni ya Ulaya ni bure, PVWatts ya Marekani nayo ni bure. Unabofya paa lako kwenye ramani. Kwetu inatoka sawa na saa 4.5 za jua kamili (lile la maabara, la wati 1,000) kwa siku, wastani wa mwaka. Kwa hiyo kilowati 12 zitatoa yuniti 42 kwa siku, na kilowati 30 zitatoa 105.

Sasa swali lenye uzito: kati ya hizo, ngapi tutazitumia wenyewe?

Kwa kilowati 12, siku za kazi tunatumia karibu 38 kati ya 42. Wikendi tunatumia kama 13, zinazobaki zinakwenda gridi. Kwa wiki ni 216 kati ya 294, asilimia 73. Kwa kilowati 30, siku za kazi tunafika 60, wikendi zilezile 13, maana jengo tupu halili zaidi kwa kuwa paneli ni nyingi. Kwa wiki ni 326 kati ya 735.

Ukiangalia wastani unaona asilimia 44 na kusema si haba. Lakini ziangalie zile kilowati 18 za nyongeza peke yake: zinazalisha yuniti 441 kwa wiki, na sisi tunazitumia 110. Robo. Tatu kwa nne ya kile kipande kikubwa cha paa tungekuwa tunaiuzia kampuni ya umeme, ambayo kwa mkataba tulionao inalipa sehemu moja ya tano ya bei tunayonunulia. Na bei hiyo ya kuuzia hupangwa na mamlaka. Inaweza kushushwa kabla paneli hazijafikisha nusu ya umri wake.

Shirika lenye wodi, bweni au chumba baridi, ambalo mzigo wake haulali, lingepata jibu jingine kabisa kwa paneli zilezile. Ndiyo maana siamini makadirio yanayoanza na ukubwa wa paa.

Mei

Paa. Paneli na fremu zake ni kilo 11 hadi 15 kwa mita ya mraba, uzito ambao kenchi nzuri hubeba. Kinachomtia wasiwasi mhandisi ni upepo: ukiingia chini ya paneli unavuta juu, na ni misumari na mbao zinazopaswa kuushika. Ameomba kuona kenchi zilivyounganishwa, na ameahidi kutuandikia barua.

Mabati ya upande wa ukumbi yamechoka. Kuyafunika kwa kitu cha miaka 25 halafu kuja kukishusha ili kubadili mabati ni kulipa ufundi mara mbili. Upande wa ofisi ni mzima, na unatosha kilowati 12. Hoja hii ingetosha peke yake kuiua ile ya 30.

Tangi la maji linapiga kivuli kona moja saa za jioni. Kivuli kidogo hakipunguzi umeme kwa kiasi cha kivuli chenyewe: paneli zimeunganishwa mfululizo, na moja ikizubaa huweza kuzivuta wenzake. Diodi zilizomo ndani, zinazoupitisha umeme kando ya sehemu yenye kivuli, hupunguza madhara, haziyaondoi. Tumeiacha kona hiyo wazi. Mwinamo usipungue nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi badala ya kutuama na kuacha matope kwenye ukingo wa chini.

Juni

Mwezi wa betri, na wa mshangao kikaoni.

Karibu kila mtu aliyechangia alikuwa anafikiri kwamba tukiwa na sola, umeme ukikatika sisi tutaendelea. Haiko hivyo. Mfumo uliounganishwa na gridi bila betri hujizima wenyewe gridi ikizimika, hata jua likiwa utosini. Ni kwa usalama: fundi wa kampuni ya umeme akiwa juu ya nguzo akijua waya umekufa, paneli zetu zisije zikamrudishia umeme. Mwenyekiti aliuliza tena ili awe na hakika amesikia sawasawa. Alikuwa amesikia sawasawa.

Basi kukatika kwa umeme kunatugharimu nini? Jenereta likiwa na mzigo wa kutosha hula kama lita 0.3 hadi 0.4 za dizeli kwa kila yuniti. Letu halina mzigo wa kutosha. Ni kubwa, linaunguruma kwa ajili ya seva, taa na projekta, na jenereta linalobeba mzigo kiduchu hula zaidi kwa kila yuniti na kujijaza masizi. Halafu kuna darasa linalosimama, jambo ambalo mhasibu hana safu ya kuliandikia.

Tumeorodhesha vinavyotakiwa visizimike: seva, intaneti, taa za ukumbi, projekta, friji. Jumla kilowati 1.5. Ukitaka saa nne ni yuniti 6. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 ya ujazo wake na ikavumilia mizunguko maelfu ya kuchajiwa na kutumika; ile ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, na umri wake ni mizunguko mia kadhaa hadi elfu moja na ushei. Kwa hiyo lithiamu, yuniti 8 hadi 10 ili hata ikichoka itoshe, ikilisha saketi hizo tu. Ile betri kubwa ya kubeba jengo zima usiku nimeitoa. Ingetaka tuhifadhi umeme wa mchana kwa gharama kubwa kuliko kuununua usiku.

Nimeandika wazi kwenye taarifa: betri hii hailipwi na akiba ya yuniti. Inalipwa na dizeli isiyonunuliwa na darasa lisilovunjika. Nimeiweka kwenye jedwali lake, isije ikaharibu hesabu ya paneli au ikabebwa nazo mgongoni.

Julai

Fedha. Ili tusipotee kwenye tarakimu, gharama yote ya mfumo wa kilowati 12 bila betri tunaiita 100.

Akiba ya mwaka wa kwanza ni 13. Matunzo, usafi na bima ni 2. Inabaki 11, kwa hiyo mtaji unarudi katika miaka kama tisa. Kile kipande cha nyongeza cha kilowati 18 kingegharimu 110, kiokoe karibu 10, na ukitoa matunzo kirudishe mtaji katika miaka 13. Muuzaji alivichanganya pamoja, na kidogo kikambeba kikubwa.

Lakini miaka tisa haijibu swali lote. Paneli huchakaa kama asilimia 0.5 kwa mwaka. Inveta haifiki miaka 25. Nimeweka mpya mwaka wa 12, gharama yake 15. Na fedha ya leo si sawa na fedha ya miaka ishirini ijayo. Nikishikilia bei ya umeme palepale na kuipunguza thamani ya fedha kwa asilimia 5 kila mwaka, katika miaka 25 mradi unatuachia 38 juu ya ile 100. Kwa asilimia 8 unaacha 6. Kwa asilimia 10 unatutia hasara ya 9.

Hesabu hiyo nimeirudia mara mbili na mhasibu. Maana yake ni kwamba kama tungekopa kwa riba kali, mradi huu huu, paneli hizi hizi, ungekuwa mbaya. Na kama bei ya umeme itapanda kuliko bei nyingine, ungekuwa bora kuliko nilivyoandika. Nimekataa kuipandisha kwenye jedwali kwa sababu kila muuzaji huipandisha, na ndipo namba zao zinapopata utamu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi na haliihusu kampuni ya biashara. Nchi nyingi husaidia sola kwa njia ya nafuu ya kodi, na asiyelipa kodi ya mapato hana cha kupunguziwa. Marekani ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 2022, ikaruhusu mashirika yasiyo ya faida kulipwa taslimu nafuu ambayo kwa kawaida ni asilimia 30 ya gharama; sheria ya 2025 ikafupisha muda wa sola kunufaika. Nimeutaja mfano huo kwenye taarifa kwa sababu mjumbe mmoja alitaka tusubiri nafuu "inayozungumzwa". Nafuu isiyo mkononi haiingii kwenye jedwali langu.

Mjumbe huyohuyo alitaka pia tusubiri teknolojia ikue. Imekua. Seli ya silikoni iliyotangazwa na maabara ya Bell ya Marekani mwaka 1954 iligeuza asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli za madukani leo zinapita 20. Bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90 katika miaka ya 2010. Lakini kwa sababu hiyohiyo paneli sasa ni sehemu ndogo ya makadirio yetu. Zilizobaki ni fremu, nyaya, inveta na mikono ya watu, na hivyo havishuki kwa kasi ileile.

Julai, bado fedha

Yule mfadhili. Nimempigia simu kuuliza kitu ambacho hakuna aliyeuliza: je, mchango wake ni wa paneli tu, au ungeweza kwenda kwingine? Kama ungeweza kwenda kwenye mafunzo, basi 100 ni 100, na paneli zishindane na mafunzo. Amejibu kwamba ni wa "miundombinu", basi.

Hapo hesabu inageuka, kwa namna ambayo nadhani ndiyo sababu halisi ya kukubali. Kila anayeendesha shirika anajua fedha ngumu kuipata ni ipi: ya kulipa umeme, maji, mlinzi. Wafadhili hupenda kitu cha kupiga picha. Paneli zinachukua fedha iliyofungwa na, mwaka baada ya mwaka, kuirudisha ikiwa imefunguliwa, kwa sababu akiba ya bili haina masharti ya mtu. Kwetu hiyo ina thamani kuliko zile 38.

Ila mfadhili halipi inveta ya mwaka wa 12. Tumeona sote majengo yenye paneli zilizokufa juu ya paa na bamba la shukrani mlangoni. Matunzo 2 kwa mwaka, na inveta 15 ukiigawa kwa miaka 12 ni 1.25, jumla 3.25 kati ya 13 tunazookoa. Robo kamili. Pendekezo langu ni kwamba robo ya akiba ya kila mwezi iingie akaunti ya peke yake, isiyoguswa kwa mishahara wala semina, na hilo liwe sharti la kupokea mchango. Mhasibu ameunga mkono kwa sauti. Wawili kwenye bodi wamenuna.

Njia ya kampuni kuweka paneli zake na sisi kununua umeme wake niliiangalia. Haihitaji mtaji, matunzo ni juu yao. Lakini mikataba niliyosoma ni ya miaka 15 hadi 25, bei inapanda kila mwaka kwa asilimia iliyoandikwa, na ukihama au kuuza jengo unabaki na deni la mkataba. Kwa shirika lisilo na mfadhili ningeipendekeza, baada ya mwanasheria kuisoma. Kwetu haina kazi.

Agosti, mwanzoni

Hoja ya mazingira imejadiliwa kwa muda mfupi. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika ripoti ya 2014, lilikadiria gramu 41 za hewa ya ukaa kwa kila yuniti ya sola ya paani, utengenezaji ukiwemo, na gramu 820 kwa makaa ya mawe. Faida yetu inategemea gridi inachoma nini. Kwa dizeli hakuna ubishi: kila lita isiyochomwa ni kilo 2.7 hivi. Nimeiandika, sikuipa bei.

Agosti, mwishoni

Bodi imepitisha kilowati 12 upande wa ofisi, na betri ndogo ya saketi zile zisizozimwa. Bomba za nyaya zitawekwa kubwa ili siku mabati ya ukumbi yakibadilishwa tuongeze bila kubomoa. Kiyoyozi cha seva kinabadilishwa kwanza.

Kwenye mkataba nimeongeza mambo ambayo mkandarasi hakuyapenda yote. Swichi za kukata umeme wa upande wa paneli ziwe mahali ambapo zimamoto watazifikia, kwa sababu paneli huendelea kutoa umeme jua likiwepo hata ukizima jengo zima. Waya wa ardhi na vizuia radi vionyeshwe kwenye mchoro. Dhamana ya paneli itenganishwe na dhamana ya kazi, maana ile miaka 25 inayotangazwa ni ya uzalishaji, si ya fundi kurudi kuziba paa linalovuja. Nywila ya programu ya kusoma uzalishaji iwe ya shirika. Na asilimia 10 ya malipo ibaki kwetu mpaka mfumo ukae mwezi mzima ukitoa kilichoahidiwa.

Hilo la mwisho bado tunavutana. Yeye anataka asilimia 5, na sababu zake si za kijinga, ana mafundi wa kulipa. Nitakubali 5 akikubali vizuia radi pande zote mbili za inveta.

Barua ya mhandisi kuhusu kenchi imeahidiwa Ijumaa. Ikifika, mhasibu atatoa malipo ya awali Jumatatu. Bila barua hakuna malipo.